Marinda ya Mwanaume: Kilti, Sape na Vijana wa Bweremana

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mavazi. Tutaongelea kilti, lile vazi la marinda wanalovaa wanaume wa Uskoti, na namna kijana wa hapa kwetu Bweremana anavyoweza kulivaa pamoja na mitindo ya zamani: ya miaka ya 1930, ya 1950, ya 1960 na ya 1970, mitindo ambayo vijana wa enzi hizo waliibuni ili wajulikane kabla hata hawajafungua mdomo.

Najua kuna atakayeuliza: watu wamekimbia vita na kurudi, na wengine hawajarudi bado, nawe unatuletea habari za sketi ya mwanaume? Mzee wangu, mama yangu, nakuomba univumilie kidogo. Nina jambo moja la kukuambia. Kilti ya Waskoti na kostimu ambazo vijana wa Kongo wamezipenda kupita kiasi zina historia inayofanana: zote mbili zilipigwa marufuku na wenye mamlaka, na zote mbili zikarudi na heshima kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kijana anayeijua historia hiyo hahitaji pesa nyingi ili apendeze. Kupendeza kwake kunatokana na kujua anachovaa.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kilti kamili hushonwa kwa sufu ya miraba, na hula yadi 8 hivi, yaani zaidi ya mita 7. Mama uliyezoea kununua kikwembe cha yadi 6, fikiri kwamba mwanaume mmoja anajifunga kiunoni kitambaa kinachozidi kikwembe chako chote. Kinaenda wapi? Kinaingia kwenye marinda ya nyuma. Mbele kilti ni bapa. Pande mbili zinapishana, na ule wa juu unafungwa kwa vikanda vidogo upande wa kulia. Nyuma ndipo fundi anapojulikana kama ni fundi kweli.

Kuna namna mbili za kukunja marinda hayo. Ya kwanza ni kuufuata mchoro: fundi anapima, anakunja, na kila rinda linameza sehemu ya miraba kwa hesabu, hivi kwamba ukimtazama mvaaji mgongoni unaona mchoro uleule wa mbele ukiendelea bila kukatika. Ya pili ni kuchagua mstari mmoja na kuuweka katikati ya kila rinda. Hiyo ndiyo iliyopendwa sana na vikosi vya askari. Mtu akisimama, unaona rangi ya mstari huo tu. Akianza kutembea, marinda yanafunguka na rangi zilizokuwa zimejificha zinatokea, kisha zinafichika tena. Fundi akikosea kipimo kidogo tu kwenye rinda la kwanza, kosa hilo linajirudia mpaka la mwisho, na hakuna pasi itakayoliondoa.

Sasa historia. Zamani, tangu mwisho wa karne ya 16, mwanaume wa milima ya Uskoti alijifunga shuka moja kubwa la sufu: sehemu ya chini ilizunguka kiuno kwa mkanda, sehemu ya juu akaitupia begani, na usiku akajifunika hilohilo. Katika karne ya 18 sehemu ya chini ikaachwa peke yake, ndiyo kilti ndogo tunayoiona leo. Tarehe 16 Aprili 1746 waasi wa milima hiyo walishindwa vitani Culloden na jeshi la mfalme wa Uingereza, na mwaka huohuo bunge la London likatunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa huko kuvaa mavazi yao. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Mara ya pili alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Walioruhusiwa kuvaa kilti ni askari wa vikosi vya mfalme tu. Yaani vazi la mtu lilihalalishwa pale tu alipokubali kumpigania aliyemnyang'anya. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa ndiye mpangaji wa sherehe, mfalme mwenyewe alitokea amevaa kilti. Vazi lililokuwa na adhabu ya kifungo likawa vazi la taifa zima.

Wazee mnaonisikiliza, hebu kumbukeni ya kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu aliondoa kostimu na kravati katika nchi aliyoiita Zaire, akaweka abakosti mahali pake: vesti isiyotaka kravati. Nia iliyotangazwa ilikuwa kurudisha uhalisi wa Mwafrika, na wako walioivaa abakosti kwa fahari ya kweli. Lakini mtu mzima kuchaguliwa cha kufunga shingoni na serikali ni jambo zito. Hali hiyo ilidumu mpaka tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Tangu hapo kravati ikarudi hadharani.

Katikati ya miaka hiyo, vijana wa Kinshasa walifanya kile ambacho Waskoti wasingeshindwa kukielewa. Walivaa. La Sape, yaani Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, chimbuko lake linatajwa kuwa Bacongo, mtaa wa Brazzaville, ng'ambo ya mto, na masapeur wa huko humheshimu André Grenard Matsoua, mpigania haki aliyefia gerezani mwaka 1942, kama babu yao wa kupendeza. Upande wa Kinshasa, aliyeipandisha Sape juu ni Papa Wemba. Alianzisha kundi la Viva la Musica mwaka 1977 huko Matonge, na pamoja na muziki akawapa vijana mtindo ulioitwa ungaru. Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu ungaru ulikuwa mtindo wa kurudi nyuma: pantaloni pana zenye marinda, pindo juu ya vifundo, viatu vya ngozi vyenye vitundu vya urembo, nywele zimekatwa chini kabisa pembeni. Yalikuwa mavazi ya miaka ya 1930, yamefufuliwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa miaka hiyo, tena katika nchi ambayo kostimu haikutakiwa kabisa.

Na hata kabla ya ungaru tulikuwa na Bills. Katika miaka ya 1950, Kinshasa ikiitwa bado Léopoldville, vijana wa mitaani walizitazama filamu za Buffalo Bill na wapanda farasi wa Marekani, wakajitengenezea ulimwengu wao: kofia pana, kitambaa shingoni, shimizi za miraba, na lugha yao wenyewe iliyoitwa Hindubil. Mwanahistoria Didier Gondola aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2016. Kwa hiyo kijana wa Kongo anapochukua nguo ya mbali na kuifanya yake, haanzi leo. Ana baba na babu katika kazi hiyo.

Kilti imeingia humo pia. Katika picha za masapeur wa Brazzaville na Kinshasa utawaona wanaume wazima wamevaa kilti, soksi ndefu zimekunjwa chini ya goti, kofia kichwani, kiko mdomoni, wanatembea kwa ule mwendo wa kupima hatua. Mwaka 2009 mpiga picha Mwitaliano Daniele Tamagni alitoa kitabu chake juu ya masapeur wa Bacongo, na mbunifu Mwingereza Paul Smith akatengeneza mkusanyiko wa mavazi ya mwaka 2010 kwa kuwatazama hao. Yaani London iliyotutumia kostimu ilirudi Bacongo kujifunza namna ya kuivaa.

Huko London kwenyewe, miaka ya 1970, Vivienne Westwood na Malcolm McLaren walikuwa na duka barabara ya King's Road, namba 430. Waliichukua miraba ya Uskoti, nguo ya wafalme na ya askari, wakaichana, wakaitia pini na zipu na minyororo, na vijana wa panki wakaivaa kuonyesha kwamba hawakubali nchi inavyoendeshwa. Westwood hakuiacha miraba mpaka alipofariki mwaka 2022. Mwaka 1993 alitengenezewa hata mchoro wa miraba wa peke yake.

Kanda yetu pia imewahi kuiona kilti ikivaliwa kwa kufuata matakwa ya mtawala. Idi Amin, aliyetawala Uganda kuanzia 1971 mpaka 1979, alijiita mfalme wa Uskoti na kuwavisha wapiga zumari wake kilti. Kuna tofauti kubwa kati ya kijana aliyeichagua mwenyewe na mpiga zumari aliyeamriwa. Heshima ya vazi inatokana na hiari ya anayelivaa.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Kaka unayetaka kuvaa kilti hapa Bweremana, ukiwa na mapenzi ya mitindo ya zamani, nakushauri hivi.

Kwanza, mahali pa kufungia. Kilti haikai kwenye nyonga kama pantaloni ya jeans. Inapanda mpaka kiunoni hasa, karibu na kitovu, na pindo lake linaishia katikati ya goti. Ikishuka chini ya goti, unaonekana umevaa sketi ya dada yako. Ikipanda sana, umevaa ya mtoto wa shule. Kwa sababu inafungwa juu, vesti yako lazima iwe fupi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanavaa vesti ya kostimu ya kawaida, ndefu, inafunika marinda nusu nzima. Mpelekee fundi aikate, au achana na vesti uvae kizibao. Kizibao cha miaka ya 1930, shimizi nyeupe, nywele zimekatwa pembeni, viatu vya vitundu: hapo ungaru na kilti vinakubaliana kabisa. Vile vitundu vya viatu asili yake ni watu wa nchi zenye majimaji, Ireland na Uskoti. Vilitobolewa ili maji yatoke mguuni. Kwa hiyo viatu vya ungaru na kilti ni ndugu wa tangu zamani.

Ukipenda njia ya Bills, vaa kilti ya rangi moja, nyeusi au kahawia, halafu miraba iwe kwenye shimizi, kitambaa shingoni, kofia pana. Usiweke miraba juu na miraba chini, zitapigana. Ukipenda vijana wa London wa miaka ya 1960, wale walioitwa mods, chukua fulana ya kola iliyofungwa mpaka kifungo cha juu, na koti la kijani la kijeshi lenye kofia, lakini liache wazi mbele ili kilti ionekane. Ukipenda panki, tia vesti fupi ya ngozi na buti nzito, pini mbili tatu zinatosha.

Pili, rangi. Masapeur wana sheria yao: zisizidi rangi tatu. Kwenye kilti ya miraba sheria hiyo inakusaidia, maana kitambaa chenyewe kimeshakuchagulia. Tazama mistari yake. Ukiona kijani, buluu na mstari mwembamba wa njano, soksi ziwe kijani, kizibao buluu, na njano iwe kitu kidogo tu, labda kitambaa cha mfukoni. Ukileta nyekundu isiyokuwemo kwenye miraba, umevunja kila kitu.

Tatu, mwenendo. Kilti ina adabu yake. Unapokaa, pitisha mgongo wa mkono nyuma uyalaze marinda chini yako, kisha weka magoti pamoja. Kile kimkoba cha ngozi kinachoning'inia mbele kina kazi mbili: kushika pesa zako, kwa kuwa kilti haina mifuko, na kuizuia nguo isipeperuke. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaujua upepo wa jioni. Usikiache nyumbani.

Nne, kitambaa kitoke wapi. Hapa ndipo ninapotaka mafundi wa kushona wanisikilize. Siku balo la nguo za mitumba linapofunguliwa sokoni, vijana wanakimbilia jeans na viatu. Ninyi tafuteni mablanketi mepesi ya sufu yenye miraba, na sketi za sufu za wanafunzi wa Ulaya. Sketi mbili au tatu za mchoro mmoja, zikifumuliwa na kuunganishwa kwa namna ambayo mshono unaingia ndani ya rinda, zinatoa kilti ya yadi 4 au 5 ambayo hakuna atakayeona ilikounganishwa. Kikwembe pia kinawezekana, ila pamba ni nyepesi na haishiki marinda. Kitie kitambaa kizito kwa ndani, na ushone kila rinda kutoka kiunoni mpaka kwenye nyonga, kisha uliachie. Wala sufu haitatuchosha kwa joto. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukipanda milima ya Masisi unajua mwenyewe baridi yake.

Kuifua, usitumie maji ya moto. Kabla ya kuilowesha, yafunge marinda kwa uzi mrefu mrefu ili yasiachane. Ikikauka, weka kitambaa chenye unyevu juu yake ndipo upitishe pasi ya makaa. Pasi isiguse sufu yenyewe. Halafu ndipo utoe uzi.

Wapo wazee watakaosema mwanaume kuvaa marinda si desturi ya Mwafrika. Kwa heshima yote, baba zangu, naomba tuwatazame Wakuba wa Kasai, katika nchi yetu hiihii. Mwanaume wa Kikuba siku ya sherehe huvaa vazi refu la nyuzi za rafia, limezungushwa kiunoni na kukusanywa mikunjo mikunjo, limefungwa kwa mkanda. Na kitambaa hicho hufumwa na wanaume wenyewe. Tuwatazame Waswahili wa pwani na misuli yao na vikoi vyao. Tuwatazame wacheza ngoma wa Intore, jirani zetu wa Rwanda. Mwanaume aliyejifunga kitambaa kiunoni ni picha ya zamani sana Afrika. Pantaloni ndiyo mgeni.

Lakini nina onyo, na nalisema kwa uchungu. Sape imewatoa watu machozi pia. Stervos Niarcos, aliyeifanya nguo kuwa kama dini mjini Kinshasa na kuiita Kitendi, alifariki mwaka 1995 akiwa kifungoni Ufaransa. Wako waliokopa, waliouza kiwanja, walioacha watoto bila ada ya shule, ili wavae jina la mbunifu wa Paris au Tokyo. Wako wanaokodisha kostimu ya siku moja ili wapigwe picha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi naongeza kwamba haimfundishi mtu kitu. Kijana aliyekaa na fundi wake, akafumua sketi tatu za balo, akahesabu marinda, akakosea, akafumua tena, huyo akipita barabarani anavaa kazi yake. Hakuna jina la Ulaya linaloweza kumwongezea kitu.

Ndiyo maana siamini kwamba kuzungumza mavazi wakati mgumu ni upuuzi. Mwaka 2024, vita vilipoikata barabara ya kutoka hapa kwenda Goma, tulitegemea boti, na watu walipanda na mizigo yao michache. Wengi wetu tuliondoka na nguo tulizovaa. Aliyepitia hayo anajua kwamba siku mtu anapopata tena maji, sabuni na pasi, akavaa kitu alichokichagua mwenyewe, anajisikia kuwa ana uamuzi juu ya maisha yake. Waskoti baada ya Culloden walilijua hilo. Vijana wa Matonge chini ya Mobutu walilijua hilo.

Namaliza na pendekezo. Uskoti kuna daftari rasmi la michoro ya miraba, lililofunguliwa mwaka 2009, na mtu yeyote duniani anaweza kuomba mchoro wake mpya uandikwe humo. Michoro mingine ni ya koo, mingine ya miji, mingine ya vilabu vya mpira. Kwa nini usiwepo wa Bweremana? Buluu ya ziwa, kijani cha malisho ya Masisi, nyeusi ya mawe ya volkano. Rangi tatu, kama sheria ya Sape inavyotaka. Si lazima tusubiri kiwanda cha kufuma: fundi anaweza kuanza na blanketi la rangi moja, akashonea tepe za rangi nyingine mbili kwa vipimo vinavyojirudia, akaona kama mchoro unasimama. Mafundi, chukueni karatasi na rula mchore, mkishirikiana na wanafunzi wenu wa kushona, na dada zetu wasiachwe nje, maana mikono yao ndiyo inayoshona nguo nyingi za hapa. Mtakaokuwa na mchoro tayari, leteni hapa redioni tuueleze kwa wasikilizaji, mstari kwa mstari, ili na jirani wa Kirotshe aweze kuushona.